Leza yenye nguvu zaidi haitatupa usikivu tunaoutaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala ya hivi karibuni katika gazeti lako, iliyovihimiza vyuo vikuu vya Uganda vinunue leza za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zenye nguvu zaidi ili viweze kutambua gesi zilizo kidogo mno. Naunga mkono kwa moyo wote fizikia ya majaribio ipewe fedha, lakini ushauri huo ukifuatwa jinsi ulivyo, tutapata leza ghali na matokeo yaleyale.

Kinachopimwa hapa ni sehemu ya mwanga iliyofyonzwa na molekuli, nayo hutegemea wingi wa molekuli hizo na urefu wa njia ambayo mwanga unapita ndani yake. Nguvu ya leza haiibadilishi sehemu hiyo. Ni kweli kwamba mwanga ukiwa hafifu sana, kuuongeza husaidia kuifunika kelele, yaani mabadiliko ya nasibu yanayoificha ishara, ya kigunduzi, kifaa kinachoupima mwanga huo. Ila kuyumba kwa leza yenyewe kukishatawala, ishara na kelele hukua pamoja. Hapo inafaa mwali ugawanywe, mmoja upite kwenye gesi na mwingine uende moja kwa moja kwenye kigunduzi cha pili, ili kuyumba kunakoonekana kwa vyote viwili kuondolewe.

Gesi yenyewe nayo yaweza kupimwa ikiwa mkondo unaorushwa katika ombwe, na mkondo huo una ugumu wake. Gesi inapofyatuka kutoka kwenye tundu dogo na kuingia katika ombwe, hupoa hadi kelvini chache tu, yaani karibu na baridi ya mwisho kabisa, na molekuli zilizotawanyika katika hali nyingi za mzunguko hujikusanya katika chache za chini, hivyo mistari ya spektra, yaani rangi mahususi za mwanga ambazo molekuli hufyonza, hupungua na ile inayobaki hupata nguvu. Faida hiyo ni kubwa, lakini mkondo wenyewe ni mwembamba, na msongamano wake hushuka kwa mraba wa umbali kutoka kwenye tundu. Tundu la duara likibadilishwa kuwa mpasuo mrefu, msongamano hushuka taratibu zaidi, na mwanga unaopita sambamba na mpasuo hukutana na molekuli nyingi. Mpasuo wa sentimita 4, mwanga ukipitishwa mara 20 kwa vioo, hutoa njia ya sentimita 80. Vioo vya namna hiyo si vigeni: John White alieleza mpangilio wake mwaka 1942, na Donald Herriott na wenzake wakaeleza wao mwaka 1964.

Hata hivyo, vioo vina kikomo. Kioo kinachorudisha asilimia 99 ya mwanga huacha takriban asilimia 82 baada ya kuakisi mara 20, lakini ni asilimia 37 tu baada ya mara 100, na vumbi la kiangazi likitua juu yake hesabu hiyo huharibika haraka. Vilevile mpasuo hutoa gesi nyingi, kwa hiyo pampu ya ombwe iwe na uwezo mkubwa, la sivyo gesi itolewe kwa mapigo mafupi kupitia vali. Tena mvuke wa maji katika hewa ya Kampala hufyonza infraredi kabla mwali haujaifikia chemba yenye mkondo wa gesi, na njia hiyo yapaswa kujazwa nitrojeni kavu.

Kelele ya nasibu nayo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo: mapigo 10,000 huipunguza mara 100. Kwa mapigo 10 kila sekunde, kazi hiyo huchukua kama dakika 17, na katika muda wote huo umeme usiyumbe wala leza isihame kutoka kwenye mstari wake. Katika maabara zetu, sharti hili la umeme ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Kwa hiyo naziomba kamati za ununuzi ziandike kwanza katika zabuni zao vioo, vigunduzi viwili, pampu, vali na kidhibiti cha umeme, pamoja na mafunzo ya fundi atakayevisafisha na kuvilinganisha vioo hivyo, ndipo zijadili nguvu ya leza.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Mbarara