Mbunge achaguliwe kwa kazi ya mbunge

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya unafaa kufanyika Jumanne, Agosti 10, 2027, na wanaomezea mate viti vya ubunge wamekwisha kujaa kwenye mazishi, harambee na fainali za kandanda za vijijini. Siku hiyo kila mpiga kura atapewa karatasi sita. Ya rais itajadiliwa hadi watu wachoke. Ya mbunge, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kijani, wengi wataitia alama kwa kufuata chama, ukoo, au aliyetoa gari la kubeba maiti. Naandika kwa sababu kumbukumbu za kuwapima wawaniaji hawa zipo, nyingi ni za bure, na ni wapiga kura wachache mno wanaozifungua.

Tuanze na kazi yenyewe. Kifungu cha 95 cha Katiba kinampa mbunge jukumu la kuwakilisha watu wa eneobunge lake, kutunga sheria, kugawanya mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, kuidhinisha matumizi ya fedha, na kuwachunguza maafisa wa serikali. Nani anajenga nini ni suala la Jedwali la Nne la Katiba hiyo. Zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, barabara za kaunti, uzoaji taka na huduma za kilimo ni kazi za serikali ya kaunti, na anayemchunguza gavana kuhusu hayo ni diwani. Shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu na hospitali kuu za rufaa ni za serikali ya kitaifa.

Mwaniaji wa ubunge anayeahidi zahanati katika kila wadi, basi, ama hakijui kiti anachokitaka, ama anakijua na anategemea kwamba wewe hukijui. Chukua manifesto yake na kalamu, ukate ahadi zote zilizo za kaunti. Kinachobaki ndicho unachoweza kumdai. Mara nyingi hubaki mistari miwili mitatu tu: basari, madarasa na neno “maendeleo”.

Basari na madarasa hayo hutoka katika NG-CDF, hazina ya serikali ya kitaifa ya maendeleo ya maeneobunge, ambayo kwa sheria ya mwaka 2015 hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa katika mapato. Hiyo ni kodi ya wananchi, hata kama jina la mbunge limeandikwa ubavuni mwa basi la shule. Tena Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba. Mwaniaji ambaye ahadi zake zote zimeegemea hazina hii anafaa kuulizwa waziwazi: ikiondolewa, utakuwa unatufanyia nini Nairobi?

Kwa mbunge anayetetea kiti, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu NG-CDF ya eneobunge lako ndizo za kusomwa kwanza. Hutolewa kwa kila mwaka wa fedha na kuwekwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Usitishwe na wingi wa kurasa. Tafuta aina ya maoni. Yapo manne. Kuna maoni safi. Kuna maoni yenye dosari, maana yake hesabu ni sawa isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa. Kuna maoni hasi, maana yake hesabu kwa jumla haziaminiki. Na kuna Mkaguzi kukataa kutoa maoni kwa kuwa hakupewa stakabadhi za kutosha. Hili la nne watu hulichukulia kuwa nafuu, kana kwamba Mkaguzi hakuona kosa. Ni baya sana, kwa kuwa hakuweza hata kufikia mahali pa kusema kama kosa lipo au halipo. Soma miaka yote ambayo mbunge amekuwa ofisini. Dosari ya mwaka mmoja huenda ikawa ya mhasibu, lakini ileile ikirudi mwaka wa tatu, huo ndio mtindo wa kazi.

Baada ya hapo nenda kwenye jedwali linalolinganisha bajeti na matumizi, ambapo watu wengi hukosea. Wakiona mamilioni hayakutumika, humlaumu mbunge papo hapo. Tazama kwanza safu ya fedha zilizopokelewa. Wizara ya Fedha ikichelewa kutuma pesa, kamati ya eneobunge haina cha kutumia. Zikiwa zilifika kwa wakati na bado zikalala benki, hapo swali ni la kamati na mbunge wake. Kisha pitia orodha ya miradi: iliyolipwa bila kukamilika, iliyokamilika lakini haitumiki, na basari zilizopelekwa katika shule ambazo hazikuthibitisha kuzipokea. Orodha hiyo unaweza kwenda nayo hadi shuleni. Darasa lililoandikwa kwamba limekamilika ama lina paa ama halina.

Hansadi ya Bunge la Kitaifa, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, nayo imewekwa kwenye tovuti ya Bunge, na shirika la Mzalendo huchapisha tathmini ya wabunge kila mwaka kwa kutazama michango yao. Tathmini hiyo ni mlango mzuri wa kuingilia, ila msiishie hapo. Idadi ya mara ambazo mbunge amesimama kuzungumza hudanganya. Yupo anayesimama kusema “naunga mkono” na kuketi, na yupo anayezungumza mara chache lakini kila anaposimama ana marekebisho ya kifungu mkononi. Tafuta mambo manne: miswada aliyoiwasilisha yeye, marekebisho aliyoyapendekeza, maombi ya wananchi aliyoyafikisha Bungeni, na maswali aliyowauliza mawaziri. Angalia pia kamati anazokaa, kwa kuwa kazi nyingi ya kuchambua bajeti na miswada hufanyika huko. Kwa kukosa vikao vinane bila ruhusa katika kipindi kimoja cha Bunge, mbunge anaweza kupoteza kiti kwa mujibu wa Kifungu cha 103. Hicho ni kiwango cha chini mno, kwa hiyo mbunge akijisifu kwamba hajawahi kukivuka, bado hajakueleza lolote la maana.

Halafu kura zake. Maamuzi mengi Bungeni hupitishwa kwa sauti za “ndio” na “la”, na hayaachi majina nyuma. Majina hubaki pale tu wabunge wanapohesabiwa mmoja mmoja. Mfano tunaoukumbuka sote ni kura ya Juni 25, 2024 kuhusu Mswada wa Fedha: wabunge 195 waliuunga mkono, 106 wakaupinga, na kura tatu zikaharibika. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, ukimwacha Spika. Fanya hesabu uone ni wangapi hawakuonekana upande wowote, kisha uulize wako alikuwa wapi na kwa nini. Ukimkuta aliyeunga mkono, mpe nafasi ya kutaja vifungu alivyovipenda. Aliyepinga naye ataje alichotaka kiwekwe mahali pake. Anayeshindwa kutaja kifungu hata kimoja alifuata kiranja wa chama.

Na chama kina uzito kuliko wengi wanavyokiri. Mbunge akihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti, kwa hiyo hata mtu mzuri hubanwa na msimamo wa kundi lake. Sikubaliani na wanaosema “tazama mtu, chama si kitu”. Lakini kura ya suti, yaani kukipa chama kimoja karatasi zote sita, ni mbaya zaidi. Wakaguzi wa gavana na rais wakiwa watu wao wenyewe, maswali magumu yatatoka kwa nani? Karatasi sita ni maamuzi sita, na hakuna sheria inayokulazimisha kuyafananisha.

Mwaniaji mgeni hana Hansadi, lakini hakuna mtu mzima asiye na rekodi. Aliyekuwa diwani ana Hansadi ya bunge la kaunti. Aliyeongoza shirika la umma ana ripoti za ukaguzi za shirika hilo. Mtumishi wa umma anatakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, yaani kufikia mwanzoni mwa Februari 2027, na ukimwona angali anapiga kampeni kwa gari la serikali baada ya hapo, umekwisha kujifunza jambo kumhusu. Mfanyabiashara anaweza kufuatiliwa kupitia taarifa ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Huombwa kwa ada kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na wapiga kura wachache wakichanga hawataisikia. Hukumu za mahakama husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta majina yake yote, kwa mpangilio tofauti tofauti, na uhakikishe kwamba ni yeye kabla ya kusambaza chochote, maana majina hufanana na kumchafulia mtu jina kwa kosa la mwingine ni dhuluma.

Hapa pana jambo linalowachanganya watu. Kuidhinishwa na IEBC, tume ya uchaguzi, si cheti cha usafi. Kifungu cha 99 kinamzuia aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, aliyefilisika, na aliyepatikana kutumia vibaya ofisi ya umma. Lakini kifungu hichohicho kinasema hazuiwi hadi rufaa zote ziishe. Mtu anaweza kuwa amehukumiwa na jina lake likawa kwenye karatasi ya kura. Tume inatazama kama sheria inamruhusu kuwania. Kama anafaa kushika fedha zenu, huo ni uamuzi wenu.

Msisubiri Agosti. Katika maeneo ambayo ni ngome ya chama kimoja, mbunge hupatikana kwenye mchujo wa chama, miezi kadhaa kabla, na pengine kwa kura za watu wachache waliojitokeza. Anayelala siku ya mchujo huamkia karatasi yenye jina moja linaloweza kushinda. Tazama mapema kwenye eCitizen umeandikishwa katika chama gani, maana wapo wengi waliojikuta wanachama wa vyama wasivyovijua, na ujue chama hicho kitateua kwa kura ya wanachama wote au kwa wajumbe. Aliyeshindwa kwenye mchujo hawezi kuwa mwaniaji huru akichelewa kukihama chama: Katiba inataka asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneobunge hilo.

Pale ambapo ushindani ni wa kweli, kumbuka kwamba kiti huenda kwa mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofika nusu. Wawaniaji wanane wakigawana kura, asilimia 20 yaweza kutosha. Ndiyo maana mara nyingine hutokea mtu akafadhiliwa kuwania ili tu amege kura za ukoo au kata fulani. Ukiwa na wawili unaowaamini na mmoja hana watu wa kutosha, mwambieni ajiondoe mapema, kabla karatasi hazijachapishwa. Baada ya hapo jina lake litaendelea kula kura hata akijiondoa.

Wakija mikutanoni, waulizeni yanayojibika. Utaomba kukaa katika kamati gani, na kwa nini hiyo? Fomu za basari zitatoka lini, na majina ya waliopewa yatabandikwa wapi? Sheria gani moja ungeibadilisha, na kifungu gani? Ofisi yako ya eneobunge itakuwa wapi, na wewe utakuwepo siku gani? Andikeni majibu na tarehe. Atakayetoa noti badala ya jibu, mjue kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea.

Kituoni, ukikosea kutia alama kabla ya kutumbukiza karatasi, mrudishie msimamizi akupe nyingine. Wengi hawajui kwamba inaruhusiwa, na kura huharibika bure.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Kabla ya michujo, gazeti lichapishe jedwali la maeneobunge yote 290: jina la mbunge, kura yake ya Juni 25, 2024, maoni ya Mkaguzi kuhusu NG-CDF yake kwa kila mwaka uliokaguliwa, na miswada aliyowasilisha. Kaunti tano kwa toleo moja, siku kumi mtakuwa mmezimaliza zote 47. Wasomaji watalikata, watalibandika kwenye kuta za vinyozi na vioski, na mwaniaji atakayefika hapo kuomba kura atalikuta.

Mpiga kura