Kile kiti mwendo mlichokiona kwenye picha

Mama, shikamoo. Na wengine wote hapo nyumbani, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Naandika kwa sababu kwenye simu hamnipi nafasi ya kumaliza sentensi. Tangu nitume ile picha kwenye kundi la familia, nimekaa kwenye kiti mwendo na shemeji yenu ananisukuma, napokea pole tupu. Shangazi kaandika "Innalillahi". Baba mdogo kauliza nimekatwa mguu lini na kwa nini amefichwa. Jamani, miguu yangu yote miwili ipo. Siko seli yangu, huu ugonjwa wa damu, haijapanda, dawa nameza, kliniki nahudhuria. Kile kiti nilikikodi asubuhi getini, jioni nikakirudisha.

Tulikwenda Efteling, kwenye kijiji cha Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Treni haifiki pale. Tulishuka Tilburg tukapanda basi. Ni bustani ya burudani, ila msifikirie mabembea ya sikukuu ya Idi. Ni msitu hasa, miti mirefu, na eneo lake ni kubwa kiasi kwamba lina treni yake ya moshi, ya kweli kabisa, inayozunguka humo ndani. Sehemu ya zamani ni Msitu wa Hadithi, uliofunguliwa mwaka 1952, na mchoraji wao mmoja, Anton Pieck, ndiye aliyebuni vile vijumba vyenye mapaa yaliyopinda. Humo kuna jitu limekaa, mara shingo inapanda, inapanda, mpaka unainua kichwa. Mjukuu wako alijificha nyuma ya kiti changu. Halafu kuna mapipa ya taka yaliyofanywa mtu mnene mwenye njaa, mdomo wazi, anaita kwa Kiholanzi "karatasi hapa!" Ukimpa, anainyonya na kushukuru. Mtoto alimaliza karatasi zetu zote, akaanza kuokota za wenzake. Laiti tungekuwa na mtu huyo pale sokoni Mgandini.

Sasa kiti. Mama, wewe unaujua ugonjwa huu kuliko madaktari wengi, umeukesha. Lakini umezoea kuuona ukishafika: usiku, mifupa inavunja, unanichua kwa maji ya moto. Mimi huku nimejifunza kuuwahi kabla haujafika. Zile chembe za damu zilizojikunja kama mundu hukwama kwenye mishipa midogo, na kinachozisaidia kukwama tunakijua: baridi, kiu, kujichosha. Siku nzima ya kutembea na kusimama foleni kwenye upepo wa Septemba inaleta vyote vitatu pamoja. Kutembea naweza. Ila nikitembea siku ile nzima, najua Jumapili ingenikuta wapi. Kwa hiyo nilikaa wakati sijachoka, na hapo ndipo pasipowaingia wengi akilini, kwamba mtu akae angali mzima.

Foleni nazo wana utaratibu wake. Mtu asiyeweza kusimama muda mrefu anapewa kadi. Msidhani ni kadi ya kupita mbele za watu. Kama foleni ni ya dakika 40, na wewe unangoja dakika 40, isipokuwa unangojea umekaa mahali, unakunywa maji yako, kisha unarudi kupitia mlango wenye njia ya magurudumu. Nimeipenda hiyo kwa sababu hakuna wa kunung'unika kwamba nimependelewa.

Kichekesho kilikuwa Droomvlucht. Ni vikapu vinavyoning'inia kwenye reli, vinakupitisha gizani juu ya msitu wa vichimbakazi na majumba yanayoelea, muziki taratibu, hewa ina unyevunyevu na harufu ya majani. Ili uingie kwenye kikapu inabidi uinuke kwenye kiti. Nikainuka, nikapiga hatua zangu, nikakaa. Mzee mmoja nyuma yetu akakodoa macho, ananitazama mimi, anakitazama kiti. Shemeji yenu, mnamjua, akamwambia kwa Kiholanzi chake kibovu, "Amepona!" Nilicheka safari nzima ya kile kikapu. Zamani macho kama yale yangenirudisha nyumbani.

Si kila kitu nilipanda. Kuna mto wa mawimbi ambao lazima ulowe. Huo hata sikuusogelea, nguo mbichi na upepo ule si vya mtu mwenye damu yetu. Kuna gari la mgodini linaitwa Baron 1898, linapandishwa juu, linasimama kidogo ukingoni watu wananing'inia, kisha linaporomoka mita 37.5 wima kuingia shimoni. Mbele ya mashine kama hizo kuna mabango ya kuwakataza wenye maradhi ya moyo au mgongo, na wenye mimba. Shemeji yenu alipanda, akashuka kijivu, hataki kuulizwa. Mimi nilikuwa benchini na sweta mbili, soksi za sufu, na chupa ya maji niliyoijaza kila nilipoona bomba. Alasiri magoti yalianza kunong'ona, nikameza dawa ya maumivu mapema, nikabaki kwenye kiti mpaka getini. Usiku nililala.

Mama, sasa la mdogo wangu, mwenye siko seli kama mimi, ndilo hasa lililonikalisha niandike. Ameniambia darasa lao linakwenda mapango ya Amboni na wewe umeshamwambia hapana, na shule nao wamefurahi kusikia hapana, wamepunguza mzigo. Siwalaumu sana. Lakini safari ya Pangani hakwenda, ya makumbusho hakwenda, na anayeachwa kila mara huacha kuomba. Amboni ni karibu, ni kilomita chache kutoka mjini Tanga. Mwache aende. Nimeshazungumza na mwalimu wake wa darasa kwenye simu, amekubali akae kiti cha mbele garini, asibebeshwe mizigo, na zile njia nyembamba za kuinama na kutambaa aziruke, awangojee wenzake nje kivulini na mwalimu mmoja. Haoni aibu, nimemuuliza.

Nimetuma hela kwa simu ya dada. Humo kuna nauli yake, maji ya chupa kubwa mbili, na nauli ya bajaji ya kumfuata huko huko kama akipiga simu kabla ya saa nane. Mpe na lile sweta langu la kijani lililo kwenye sanduku, mapangoni kuna ubaridi. Dawa zake azibebe mwenyewe, asimpe mtu. Picha nataka, na safari hii Shangazi asiandike kitu.

Wasalaam,
binti yako wa Rotterdam