Mwambieni Shangazi mtoto mzima

London, mwanzo wa Septemba

Mama, shikamoo. Sisi hatujambo. Na huyo mliyekwisha kumlilia matanga kwenye simu hajambo kuliko sote, amelala hapa ubavuni.

Shangazi kanitumia sauti ya dakika nne. Eti nimempeleka mtoto wa miezi saba kwenye ngoma ya watu uchi. Kwanza hawakuwa uchi, walivaa manyoya. Pili, ile ni kanivali ya Notting Hill, ya watu wa visiwa vya Karibi, ipo tangu miaka ya 1960, na Jumapili ndiyo siku ya watoto. Zogo lenyewe huwa Jumatatu, na Jumatatu sikutoka ng'o. Tena muulize: mwaka niliozaliwa, nani alinibeba mgongoni hadi Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wanacharazana migomba, banda la makuti linawaka, moshi hauonyeshi mtu? Si yeye? Wewe huku unanitafuta uvunguni! Kanihadithia mwenyewe, anacheka.

Sikwenda kijinga mama. Kigari nilikiacha nyumbani. Wenye vigari niliwaona wamekwama, hawaendi mbele wala nyuma. Mimi nilimfunga mbeleko kifuani, ile kanga yako ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", nikawapita hao. Wazungu wananisimamisha kuniuliza nimeinunua wapi. Makunduchi, nikawajibu, wakaitikia kwa kichwa kama wanaopajua. Masikio nilimziba kwa vile vikinga vya watoto, maana spika zao zimepangwa juu kuliko mlango wetu, na ngoma inakugonga kifua kabla hujaisikia. Tulikaa muda wa saa mbili tu, tukageuza.

Kilichonitesa ni pa kumbadilishia nepi. Maduka yote yamezibwa mbao, vyooni foleni haina mwisho. Bibi mmoja wa Trinidad, kakaa kwenye ngazi za nyumba yake, akaniita ndani, akanitandikia kitandani kwake. Nilipomaliza akamshika miguu, akawa anaikanda taratibu, anaivuta kidogo, anaikanda tena, vile vile ufanyavyo wewe. Machozi yalinilenga nikajifanya natafuta nepi mkobani.

Saa tisa alasiri wakazima muziki wote, sekunde 72, kuwakumbuka watu 72 waliokufa jengo la Grenfell lilipoungua mwaka 2017, mtaa ule ule. Barabara nzima kimya. Mjukuu wako akacheua, mcheuo wa mtu mzima. Polisi aliyekuwa mbele yetu akainamisha kofia, mabega yanamtikisika.

Pesa za mashine ya boti nimetuma nusu. Kaka asinitajie nusu ya pili kabla hajanieleza za mwaka jana zilikwenda wapi. Za macho ya Shangazi nimetuma kamili, na maneno yake yote hayo. Kazi ipo, zamu za usiku, si neno.

Yule kijana wa Kibuteni akija, mpe kanga nyingine anichukulie. Hii imeingia mchuzi wa kuku, nimeifua mara tatu, hautoki.