Zoezi la Jumamosi: Zohali ya Bonestell

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi, Mikindani, tunanakili mchoro wa 1944 wa Chesley Bonestell, mchoraji Mmarekani wa anga za juu: sayari ya Zohali ikitazamwa kutoka mwezi wake, Titani. Leteni karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya fotokopi hujikunja ikilowa.

Pete ni nyembamba mno, hapo ndipo wengi huharibu. Chongeni mshumaa mweupe, chora pete kwanza, kisha pakeni anga la bluu kwa rangi ya maji juu yake. Nta hukataa maji. Ukikosea mstari haufutiki, basi penseli itangulie. Na msiharakishe tabaka la pili, unyevu wa pwani yetu huchelewesha kukauka.

Bluu hiyo ibaki, japo Huygens, chombo cha anga kilichotua Titani mwaka 2005, kilikuta huko ukungu wa chungwa. Picha za kazi tumeni kama faili, zisibanwe.