Benny Parsons hakuokota ubingwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini makala yenu ya mbio za kufunga msimu wa 1973 wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, pale Rockingham, North Carolina, imenishinda kuvumilia. Mmeandika kwamba dereva Benny Parsons "aliokota" ubingwa wa msimu ule. Aliuokota wapi?

Tarehe 21 Oktoba, mzunguko wa 13 kati ya 492, Chevrolet yake namba 72 ilipata ajali na ubavu wa kulia ukang'oka. Haikuwa bodi peke yake: mabomba ya kizimba kinachomkinga dereva yalikatika, na ekseli ya nyuma ikaharibika. Mafundi wake, pamoja na wa timu nyingine waliokuja kusaidia, walikata mabomba kwenye gari lililokosa kufuzu wakayachomelea kwenye lake. Mtu wa gereji anaijua kazi hiyo. Usipolichonga bomba mdomoni likaikumbatia vizuri duara la mwenzake, linabaki pengo. Usiposugua rangi na mafuta, weldi inatoka na vitundu, na mtikisiko unaipasua. Ekseli ikikaa upande hata kidogo, gari linakwenda mshazari na kula tairi. Hayo yote yalifanyika huku mbio zinaendelea! Parsons akarudi njiani ubavu mtupu, mabomba nje nje, akafikisha mizunguko 308, nafasi ya 28.

Hesabu ndiyo mmeiruka kabisa. Mwaka ule kila mzunguko ulikuwa na malipo yake: nusu pointi kwa njia ya kama maili moja, mfano Rockingham. Mizunguko 295 aliyoiongeza baada ya ajali ni pointi 147.5. Mwisho wa msimu Parsons alimwacha Cale Yarborough, aliyeshika nafasi ya pili, kwa pointi 67.15 tu. Gari lingebaki gereji, kombe lilikuwa la Yarborough.

Tena acheni kuita kila mbio za magari "ralli". Juzi kijana amenishikia gazeti lenu akiuliza navigeta wa Parsons, yaani yule anayekaa kando ya dereva wa ralli kumsomea njia, alikuwa nani. Njia ya duara haina navigeta.

Chapisheni sahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, na jedwali la mizunguko, pointi na tofauti. Kisha mpelekeni mwandishi wenu kwa mchomeleaji yeyote, aunge mabomba mawili ya inchi moja na robo tatu, halafu ayagonge kwa nyundo.

Fundi wa magari, msomaji wenu wa siku nyingi