Barua ya wazi kwa praetori wa Roma uliyemzuia Marcus Sergius kwenye sadaka

Mheshimiwa praetori,

Najua nimechelewa miaka 2,200 na ushee, ulikuwa ofisini mwaka 197 KK, hakimu mkuu wa Roma ya kale, ila hili jambo limenikaa rohoni acha nilitoe. Hivi kweli wewe na wenzako mlimzuia Marcus Sergius, praetori mwenzenu kabisa, asishiriki sadaka za serikali kwa miungu eti kwa sababu ni mlemavu? Sasa huo ulemavu kaupata wapi, kwenye ngoma?

Mkono wa kulia ulikatika kwenye vita na Hannibal, yule jemadari wa Carthage. Majeraha 23 ndani ya kampeni mbili, mpaka mikono na miguu ikawa haimtii sawasawa. Katekwa mara mbili, katoroka mara mbili, miezi 20 yuko kwenye minyororo. Mwisho akajitengenezea mkono wa chuma, akaufunga akarudi vitani, akaukomboa mji wa Cremona uliokuwa umezingirwa na kule nchi ya Gaul akateka kambi 12 za adui. Halafu mtu huyo ndio mnamkagua kama ng'ombe wa sadaka, asiwe na kasoro!

Na kinachoniudhi zaidi, nyinyi hao hao mtu akija kuomba kura mnataka afungue toga, lile vazi lenu la kujitanda, muone makovu, kovu la kifuani mnalipigia makofi. Kumbe jeraha mnalipenda likiwa limepona vizuri, likibeba mkono mzima mnageuza uso. Ndio maana Spurius Carvilius, Mroma mwenzenu, alikuwa anachechemea kwa jeraha la vita akawa anaona haya hata kutoka nje, mpaka mama yake akamwambia toka mwanangu, kila hatua ikukumbushe ushujaa wako. Yaani kazi ya nchi nzima kaachiwa mama.

Athens kwa Wagiriki angalau walikuwa na sheria, inasemekana ya tangu mtawala wao Peisistratos, aliyelemazwa vitani atunzwe na serikali. Baadaye ikawa posho ya masikini yeyote asiyeweza kufanya kazi, oboli moja, sarafu ndogo ya fedha, kwa siku, na hapo napo maneno hayakuisha, kuna mmoja alishtakiwa mbele ya Baraza kwamba anapanda farasi kwa hiyo hana ulemavu wowote. Jamaa anatembelea fimbo mbili!

Hela Sergius hajaomba mheshimiwa, kaomba zamu yake tu. Mpeni. Kama shida ni mkono wa kulia, wa kushoto si upo, na kwa huo peke yake kapigana mara nne.