Yaya, kabla ya Zanzibar pitieni kwanza Idjwi

Yaya, jambo sana. Msalimie shemeji na watoto wote.

Nimesikia kwamba mnaweka pesa pembeni ya kwenda Zanzibar likizo kubwa, kisa watoto hawajawahi kuona kisiwa wala kupanda meli. Sipingi, Zanzibar ni Zanzibar. Lakini kutoka Lubumbashi mpaka kule ni safari ya pasipoti na dola, wakati kisiwa chenu wenyewe, Idjwi, kiko hapa katikati ya Ziwa Kivu, na mdogo wako yuko Goma ana nyumba na vitanda. Nakuandikia wazi kwa sababu hauko peke yako. Kila mwezi wa sita ukiingia, watu wa Katanga na Kinshasa wananiuliza jambo hilo hilo.

Nianze na yale ambayo hamtayakuta. Mchanga mweupe hakuna, minazi hakuna, hoteli za kifahari msitafute. Joto nalo msilitegemee: ikweta iko karibu, lakini ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi na kisiwa kinapanda milima juu yake. Usiku watoto watadai sweta. Umeme ni wa sola, tena si kwa kila nyumba, magari ni ya kuhesabu, mtatembea kwa mguu au kwa pikipiki.

Mtakachokuta ni kisiwa kikubwa kweli, urefu wake unafika kilomita 40 hivi. Kwa visiwa vya maziwa ya Afrika kinazidiwa na Ukerewe peke yake. Kina watu zaidi ya laki mbili, wengi Wahavu, na Wambuti waliokuwepo tangu zamani, na kina bami wawili, yaani wafalme wa jadi: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Vita vimezunguka Kivu na kwa miaka mingi Idjwi ilibaki imetulia, ndiyo maana watu wengi walikimbilia kule. Na mananasi, Yaya! Yale mnayouziwa mjini yamevunwa mabichi ili yafike. Kule mama analikata mbele yako, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakuna anayekuuliza kama unataka sukari.

Kuogelea ruhusa. Kivu haina mamba wala kiboko. Najua shemeji atauliza habari ya gesi, kwa sababu kila mtu wa mbali anauliza gesi. Ni kweli, methani na hewa ya ukaa vimelala chini kabisa kwenye maji ya kina, na wenzetu wa Rwanda wanaivuta ile methani kutoa umeme, kwa mtambo mkubwa tangu 2016. Mwogeleaji wa pembeni haigusi. Mimi ninachoogopa ni mazuku, yaani hewa ya ukaa inayotoka ardhini, na hayo yako huku kwetu, kwenye mabonde na mashimo ya upande wa Goma kuelekea Sake. Ile hewa ni nzito, inajikusanya chini, haina rangi, na asubuhi kabla upepo haujaamka ndiyo mbaya zaidi. Inaua mbuzi, inaua na mtoto aliyeinama. Kwa hiyo mkilala Goma, watoto hawatoki kuchezea mashimoni alfajiri. Hilo sitalijadili na mtu.

Sasa bato, ile meli ya kuvukia. Hapa unisikilize vizuri, maana ndipo nilipotaka kufika.

Watu watakwambia uchague yenye kasi, au yenye viti vizuri, au ya bei ya chini. Wewe chagua bato yenye daftari. Fika bandarini mapema, simama karibu na karani, uangalie anafanya nini. Je, anaandika jina la kila anayepanda, na la mtoto wa mgongoni pia? Au anaandika ya wale wa tiketi tu, halafu wengine wanaingia kwa nyuma wakipitia juu ya magunia? Mnamo tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bato iliyotoka Minova ilizama hapa Kituku, bandari ya Goma, ufuko ukionekana, watu waliokuja kuwapokea ndugu zao wamesimama pale pale. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, kila mtu alikuwa amebaki na njia ya maji tu, bato ikajaa kupita kiasi. Walikufa makumi ya watu. Na mpaka leo hesabu za huyu na za yule hazifanani, maana orodha haikulingana na watu waliokuwa ndani.

Kwa hiyo sema jina lako lote, na ya watoto moja moja, na usione haya kuinama uone kama ameandika. Akikunja uso, mwache akunje. Halafu jile, yaani koti la kuelea: kila mtu apate yake, na ya mtoto iwe ya mtoto, si ya mtu mzima iliyofungwa mara mbili. Kama maji yamekaribia ukingo na bado wanapakia godoro na kesi za bia, shukeni. Tiketi iliyopotea tutaicheka nyumbani.

Chukueni ya asubuhi. Mchana upepo unaamka, na mawimbi ya Kivu ni mafupi, yanapiga kwa haraka. Mkiondoka Goma angalieni nyuma, Nyiragongo, ule mlima wa moto, inakaa juu ya mji mzima. Jioni mkiwa kisiwani, kaeni kando ya maji: wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetoka mbele na nyuma, wanapiga makasia kwa wimbo, taa zinawaka moja baada ya nyingine. Sambaza hao asili yao ni Tanganyika, waliletwa huku wakati wa Mbelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo watoto wa Katanga watakuwa wanakula samaki wa kwao.

Mkipita kwenye mashamba ya kahawa, ulizeni wazee habari za zamani. Bei ya huku ilipokuwa haifai, wakulima walivusha magunia usiku kwenda Rwanda kwa mtumbwi, kwa siri, na wengi hawakurudi. Hao hakuna karani aliyewaandika. Siku hizi kuna koperativi zinazoosha kahawa pale pale kisiwani, na ukitaka zawadi ya shemeji, nunua hiyo.

Mengine ni madogo. Kadi za mpiga kura mje nazo, wataziomba. Dola ziwe safi, yenye mpasuko hata wa kucha haipokelewi, na mbadilishe nyingine kuwa franga kabla ya kuvuka. Simu upande wa mashariki inakamata reso (mtandao) ya Rwanda bila kukuuliza, inite (salio) zinaisha hujapiga hata mara moja, kwa hiyo zimeni.

Mama mkwe kama anakuja, niambie mapema. Nitamtafutia nafasi ya ndani, mbali na moshi wa injini, na nitakuja mwenyewe bandarini kusimama na yule karani.